Homa Niliyoishangilia

Mwanangu, ipo wiki moja ya baridi ya Juni ambayo ningependa kuisahau, lakini haitaki kuniacha. Nilikuwa kijana wa kiwandani hapa Likasi, nina mshahara, nina mke mpya, na kiburi cha kutosha watu watatu. Baba yangu alikuwa ameacha nguvu zake zote, na mapafu yake pia, penye mashine ya kusaga mawe ya shaba. Akipanda ngazi tatu, alipumzika kwenye ya pili.

Jumatatu nilimpeleka dispensari, akachomwa chanjo ya nimonia. Muuguzi, mama mmoja asiyependa kucheka, akaniambia, "Mwili ya muzee haiko sawa na ya mutoto. Inajifunza polepole, na pengine haijifunze yote. Umuchunge. Akipata homa na kukohoa, umulete siku ile ile."

Nikaitika ndiyo mama, ndiyo mama, huku natazama saa.

Jumatano kukatokea kilio kwa wakwe zangu, kule mji wa Kambove. Nilitaka wamuone mzee wetu ameketi kati yao, wajue binti yao kaolewa kwa watu. Baba akasita. "Mutoto, baridi iko mingi. Kifua yangu haiwezi."

"Ah, baba! Si ulishachomwa sindano? Unaogopa nini tena?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Akavaa koti lake la kanisani, akapanda taksi-basi, akalala siku mbili nje juu ya mkeka kama wafiwa wengine.

Ijumaa alirudi anatetemeka, mwili moto. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Mtoto akichomwa akapata homa, si akina mama husema sindano imeshika? Nikamwita mke wangu: "Kuya uone, ya baba imeshika!" Baba akatabasamu ili kunifurahisha tu. Tabasamu lile linanila mpaka leo.

Jumamosi alikohoa, nikasema itapita. Jumapili nikaenda kanisani kushukuru. Jumatatu hakuweza kumaliza neno moja bila kutafuta pumzi.

Kule dispensari, muuguzi yule yule alimsikiliza kifua, kisha akanigeukia. "Homa ya sindano inakuya siku ya kwanza ao ya pili, na haina mukohozi. Siku zote hizi ulikuwa unangoja nini?"

Jumanne baba akafa, na wakwe zangu wakaja kulala kwetu kwenye mikeka.

Wapo waliosema sindano ndiyo iliyomuua. Usiwasikilize, mwanangu. Sindano ilikuwa bado inahangaika kuufundisha mwili uliochoka. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye baridi, na mimi ndiye niliyengoja. Mchuma janga hula na wa kwao.

Basi wapeleke wazee wachanjwe, hasa wenye vifua vya vumbi. Mimi mwenyewe nimechanjwa. Lakini usiseme kazi imekwisha. Mwili mzee huitika chanjo kwa sauti ndogo, na nimonia haina huruma. Mzee akikwambia anasikia baridi, mwamini. Homa ikija na kikohozi, usiipe jina zuri.

Na kikohozi changu hiki unachokisikia tangu asubuhi, nacho si cha hadithi. Nishike paji la uso. Umeona? Haya, niletee koti, twende dispensari. Mungu akujalie uzee, mwanangu, na akujalie mtoto asiyengoja.