Gorogoro za Nanjala na Wivu Wangu

Mpaka sasa sijaamini, jamani. Jana tumemzika Nanjala, rafiki yangu wa Kitale, yule mama wa tamasha la vitabu. Pressure ilimwangusha Jumanne akiwa dukani kwake. Ati Nanjala!

Wacha niseme ukweli, maana timeline imejaa maneno ya malaika. Mimi nilikuwa namwonea wivu. Bado namwonea.

Tulianza pamoja Kitale, meza mbili za vitabu second-hand. Mimi nikaolewa Bungoma, na kila mtu akaanzisha tamasha lake la kila mwaka. Lake likapaa. Langu, muulizeni caretaker wa ukumbi.

Siri yake ilikuwa gorogoro. Ukishavuna, unaleta mkebe mmoja wa mahindi, unaenda na kitabu. Mahindi yanauzwa, vitabu vingine vinanunuliwa. Basi! Wakulima wa Moi's Bridge wanapanga laini, gumboots bado ziko na matope.

Hata watu wa Nairobi, na festival yao kubwa huko, walikuwa wanakuja kupiga selfie na mahindi. Kitale, bana! Na hata si city!

Mimi nilikuwa na PA system, guest of honour, na viti vimevalishwa vitambaa. Waliokuja ni wachache, na nusu yao ni kwaya.

Mwaka mmoja nikamuiga. Nikatangaza mahindi kwa vitabu. Habari ilipofika Bumula ikawa imegeuka, ati kuna mahindi ya bure. Wakaja na magunia matupu! Mama mmoja akaniuliza, "Madam, mnaanza kugawa saa ngapi?"

Nanjala, aliyekuwa amekuja kuniunga mkono, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kwa gari, akarudi na gorogoro imejaa. Siku hiyo ndiye mtu pekee aliyeleta mahindi.

Akachagua kitabu, akaniambia, "Nafula, usinune. Hata mimi mwaka wa kwanza nilipata wateja wawili, na mmoja alikuwa wewe."

Nikanuna zaidi. Mtu anakushinda, halafu anakuwa mzuri kwako pia? Aki huyu mwanamke!

Na hakukosa hata mwaka mmoja. Front row, leso mabegani, anapiga makofi peke yake mpaka naona haya.

Nanjala, jana watu walikuja na gorogoro. Hakuna aliyewaambia. Laini ilitoka kwa gate yenu mpaka barabarani, kila mtu na mkebe wake. Mimi pia nilibeba wangu.

Nikajikuta nahesabu vichwa kama kawaida yangu, machozi yananitoka na roho inaniuma. Hata mazishi yako yameshinda event zangu zote.

Tulipomaliza, committee yako ikaniita kando. "Madam, mwaka huu shika tamasha lake. Watu wanakujua."

Umati wote ule, dadangu. Ule niliolilia miaka yote, wananipa hivi hivi tu. Mimi nilitaka kukushinda. Nani alisema nataka kurithi?

Nimekubali. Nitashika mic yako, watu watajaa mpaka kwa ua, na front row nitaacha kiti kimoja. Lakini hebu niambie, siku hiyo nikishajaza uwanja, nitamringia nani?

Lala salama, mshindani wangu. Umeniacha vibaya.