Mama Widlin Anaingia Darasani

Sentaniz hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini kijijini kwetu Fon Sitwon, huku mlimani, hapakuwa na mtu aliyeipenda shule kama yeye. Asubuhi ungemkuta barazani, pasi imejaa makaa, ananyoosha sare ya binti yake Widlin mpaka mikunjo ya sketi inasimama yenyewe. Sisi jirani zake tuliwavalisha watoto wetu tukawasukuma njiani, basi. Yeye alimsindikiza wake mpaka pale njia inapoanza kuteremkia shuleni, akamwangalia hadi aingie mlangoni, ndipo akarudi kubeba kikapu chake cha vitunguu majani kwenda sokoni.

Alikuwa na sababu zake. Alipokuwa na umri wa Widlin, wazazi wake walimpeleka mjini Jakmel kukaa kwa watu, awasaidie kazi za nyumbani nao wamsomeshe. Kazi alifanya, kusomeshwa hakusomeshwa. Alifagia chini ya meza huku watoto wa nyumba ile wakifanya kazi zao za shule juu yake, kwa Kifaransa. Kifaransa alichoambulia yeye kilikuwa cha kuamriwa tu: funga mlango, lete maji, ondoka hapa. Alirudi mlimani msichana mkubwa, akaolewa na Merisma, akakaa miaka mingi bila mtoto. Alipompata Widlin aliapa kwamba huyu atakijua Kifaransa cha watu waliokaa mezani.

Ndiyo maana mwalimu wa zamani alimridhisha sana. Alikuwa mkali yule bwana, fimbo haikumtoka mkononi, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwakaririsha watoto. Widlin ana kichwa chepesi cha kushika maneno, kwa hiyo alikuwa nyota ya darasa. Siku mwanangu alipopata komunyo ya kwanza, tukiwa tumeshiba wali, maharage meusi na mbuzi, Sentaniz alimsimamisha binti yake katikati ya uwanja. Mtoto akaweka mikono nyuma, akafumba macho, akaporomosha ukurasa mzima wa Kifaransa bila kumeza mate. Bibi yake alilia. Mimi pia machozi yalinilengalenga. Hakuna aliyeelewa neno, na hatukuona kwamba hilo ni tatizo. Misa nayo wazee wetu waliisikiliza kwa Kilatini miaka nenda miaka rudi, na Mungu hakulalamika.

Kisha mwalimu yule akapata nafasi ya kwenda Chile, akaondoka bila hata kuaga. Mwalimu mkuu, Madam Klotid, akatuletea kijana kutoka Lekay, jina lake Oranvil. Mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alipoingia darasani kitu cha kwanza alichofanya ni kuiweka fimbo juu ya kabati. Cha pili, akaanza kuwafundisha watoto kusoma kwa Kikrioli, lugha tunayozungumza nyumbani.

Wiki haikuisha, Widlin akarudi nyumbani akasoma kwa sauti kijihadithi cha mbuzi aliyekula kofia ya mzee. Alikuwa anacheka huku anasoma. Sentaniz hakucheka. Alimwambia mumewe kwamba mbuzi wanao, kofia wanayo, na mtoto hakupelekwa shule kujifunza habari za mbuzi. Merisma, ambaye si mtu wa maneno, alisema tu kwamba hadithi yenyewe ilikuwa nzuri. Siku mbili hawakusemezana.

Hakuwa peke yake. Njiani kwenda sokoni hatukuwa na mazungumzo mengine. Tulisema kijana huyu Kifaransa chenyewe labda hakijui. Tulisema watoto wa mjini wanapewa mkate na wetu wanapewa makombo. Madam Klotid aliposikia akaitisha mkutano wa wazazi, na ukumbi ukajaa mpaka watu wakakaa madirishani.

Sentaniz alisimama wa kwanza. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mwalimu, mimi sikusoma, kwa hiyo nitasema kwa lugha hii hii unayoipenda," alisema, na watu wakaanza kucheka kabla hajafika popote. "Kikrioli mtoto wangu amekinyonya kwangu. Sasa nipige pasi, nimchane nywele, nimshushe mlima, aje afundishwe kile alichokwisha kunyonya? Si bora abaki nyumbani, nimnyonyeshe tena?"

Makofi yalipigwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Oranvil aliona haya. Alikuwa kijana, na kijana akichekwa mbele za watu akili humruka. Badala ya kujibu, alimwita Widlin mbele, akamwomba atusomee ule ukurasa wake maarufu. Mtoto akamtazama mama yake, mama akamwashiria aseme, naye akaporomosha kama kawaida yake, mwanzo mpaka mwisho. Tukapiga makofi tena.

"Widlin," mwalimu akasema, "umesema nini?"

Mtoto akageuka tena kumtazama mama yake.

"Kuna mzazi anayeweza kumsaidia?"

Waliokaa madirishani wakageuka kutazama nje. Oranvil akachukua kitabu, akakifungua kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, ule unaotangulia masomo, akatufasiria neno kwa neno. Kitabu hiki kimechapishwa na kiwanda fulani. Hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini ya maandishi ya mchapishaji. Haki zote zimehifadhiwa.

Kuna mtu nyuma alicheka, kisha wakacheka wengi. Widlin alikuwa bado amesimama pale mbele, mikono nyuma, hajui acheke au alie. Sentaniz alipita katikati ya mabenchi, akamshika mkono, wakatoka.

Kesho yake Widlin hakwenda shule. Wala kesho kutwa. Watoto wengine nao wakaanza kubaki nyumbani, wakiwemo wangu, na wengine wakahamishiwa shule ya bondeni kule ambako hakuna masihara, ni Kifaransa na fimbo. Asubuhi tukawa tunapita na watoto wetu kwenda mashambani mbele ya darasa lililobaki nusu tupu. Oranvil alikuwa akitusalimia kutoka mlangoni. Tulimwitikia kwa sababu ya adabu tu.

Madam Klotid ni mama wa makamo asiyependa kelele. Mfagiaji wa shule ndiye aliyetusimulia kwamba alimwita kijana ofisini akamwambia, "Ulichosema ni kweli. Sasa nenda kamwombe radhi." Oranvil akauliza aombe radhi kwa kusema kweli? Madam akamjibu kwamba hamtumi kuombea radhi ukweli, anamtuma kwa sababu alimwita mtoto wa mtu akamwaibisha mbele za watu.

Alipanda mlima Jumamosi, jua likiwa kali. Mimi nilikuwa shamba la pili, nachimba viazi vikuu, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Sentaniz alimwona tangu mbali, akaendelea kulima. Hakumkaribisha kivulini, hakumpa maji. Kijana akasimama kando ya tuta, viatu vimejaa udongo.

"Mama Widlin, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuaibisha."

"Mimi hukuniaibisha," Sentaniz akasema bila kuinua kichwa. "Mimi nimetukanwa mjini kwa Kifaransa tangu nikiwa mdogo, nimezoea. Uliyemwaibisha yuko pale."

Widlin alikuwa ameketi chini ya mshelisheli, anapepeta maharage. Oranvil akaenda akachuchumaa mbele yake, akasema maneno ambayo sikuyasikia, alichukua muda wake kuyasema. Niliona mtoto anatikisa kichwa kukubali, kisha anamwonyesha jinsi ya kushika ungo, maana alijaribu kumsaidia akamwaga.

Aliporudi tutani, Sentaniz alikuwa ameegemea jembe.

"Wewe Kifaransa ulikipataje, Mwalimu?"

"Kwa fimbo, mama. Nilikariri mpaka nikawa kijana mkubwa bila kujua ninachosema."

"Lakini ulikipata."

Oranvil akainama kupangusa udongo kwenye viatu. Nafikiri hilo hakuwa amelitegemea.

"Nilikipata," akasema mwisho. "Tulianza darasa moja watoto arobaini, tukafika mwisho watatu. Sijui wale wengine wangekuwa nani."

Sentaniz alilima kidogo, akasimama tena. Akamwambia hivi: hana haja ya kuambiwa, anataka kuona. Atamrudisha Widlin, lakini yeye mwenyewe ataingia darasani akae, asikilize, na Kifaransa kisipofundishwa hapo hapo mbele ya macho yake, atamchukua mtoto na hatarudi. Kijana akakubali. Ndipo akaletewa maji.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda kina mama wanne, maana Sentaniz hakutaka kwenda peke yake, ingawa alituambia ni sisi tunaohitaji kwenda. Tulikaa nyuma kwenye mabenchi ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Watoto walikuwa wanageuka kutuchungulia na kuchekana. Oranvil akasema leo hatafungua kitabu. Akatuomba mzazi mmoja awasimulie watoto jambo ambalo mwanawe hajawahi kulisikia.

Tukatazamana. Mimi nilianza kukagua kucha zangu. Sentaniz akasimama.

Akasimulia siku aliyomzaa Widlin. Alikuwa anateremka sokoni na kikapu kichwani, uchungu ukamshika kabla ya kuvuka mto. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yamepanda, huwezi kwenda mbele, na nyuma ni mbali. Wanawake wa sokoni wakaweka vikapu vyao chini, wakamzungushia shuka zao wakawa ukuta. Kulikuwa na dereva wa gari la mizigo aliyekwama ng'ambo hii, kijana tu, jina lake Widlè. Aliogopa kuliko mzazi mwenyewe. Alipanda juu ya gari lake, akageukia upande wa pili, akawa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu ili asisikie kitu. Mtoto akatoka katikati ya wimbo. "Ndiye uliyepewa jina lake," Sentaniz akamwambia binti yake, "na alikuwa haimbi vizuri hata kidogo."

Darasa zima lilicheka, na safari hii Widlin alicheka kuliko wote.

Kisha watoto wakaanza kuiandika hadithi ile ubaoni kwa Kikrioli, mmoja sentensi moja, Oranvil akiwasahihisha herufi. Ubao ulipojaa akamwita Widlin asome. Akasoma polepole, kidole kikifuata mstari, na maneno ya mama yake yakawa yanatoka ubaoni jinsi yalivyosemwa, mto, vikapu, shuka, dereva. Nilimtazama Sentaniz. Mdomo ulikuwa wazi kidogo, anafuata kila neno kama mtu anayehesabu vifaranga.

"Hapo sivyo," akasema ghafla. "Sikusema waliniviringisha. Nimesema walikuwa ukuta."

Oranvil akampa Widlin kitambaa. Akafuta, akaandika upya, akasoma tena. Sentaniz akaitikia kwa kichwa, akakaa. Baadaye njiani aliniambia kwamba maisha yake yote alidhani kilichoandikwa kimeandikwa, hakiguswi.

"Na Kifaransa?" akauliza kutoka nyuma, kabla mwalimu hajapumzika.

Oranvil akatabasamu, akagawa ubao katikati kwa chaki, akaanza kuyahamisha maneno yale yale upande wa pili. Huu ndio mto. Hiki ndicho kikapu. Watoto hawakuhitaji kuulizwa maana yake ni nini, maana walikuwa wanaijua tayari, walikuwepo pale mtoni pamoja na sisi. Na sisi kina mama tulikuwa tunaguna nyuma kila tulipolikamata neno. Siku ile sokoni Sentaniz aliuza vitunguu vyake huku akisema "rivière, panier," na mteja akimuuliza bei, anamjibu amsubiri kidogo.

Sitaki kusema mambo yalinyooka yote. Waliohamia bondeni wengine hawakurudi, na wazazi wao wakikutana nasi wanatuuliza kama watoto wetu wameshajua kusoma hadithi ya mbuzi. Sentaniz na Oranvil nao waligombana tena na tena. Sentaniz aligomba Kifaransa kipewe muda zaidi, akaupata. Aligomba watoto wakariri mashairi, akalipata hilo nalo, kwa sharti kwamba kwanza yafasiriwe. Yeye akakubali kwamba fimbo ibaki juu ya kabati, ingawa hilo lilimchukua karibu mwaka mzima na sina hakika kama analiamini mpaka leo. Siku hizi mtoto akikosa shule siku mbili, mwalimu hatumi barua. Anamwambia Sentaniz, na Sentaniz akipita sokoni anasimama mlangoni kwenu na kikapu kichwani, anauliza habari za mgonjwa. Kama hakuna mgonjwa, utajuta.

Widlin alifaulu mtihani wa taifa wa darasa la sita, si wa kwanza, lakini vizuri. Sasa yuko sekondari Jakmel, anakaa kwa shangazi yake, anakula mezani na wengine. Mama yake alihakikisha hilo kwa macho yake kabla ya kumwacha.

Shuleni kwetu Alhamisi bado ni siku ya wazazi. Tulichanga mbao, wanaume wakafanya konbit, kazi ya pamoja, ya siku moja wakatengeneza mabenchi marefu ya watu wazima. Kilichobaki kilikuwa kuwapata wanaume wenyewe wayakalie. Juma lililopita Sentaniz alimleta Merisma. Wana mtoto wa pili sasa, wa kiume, darasa la kwanza, kwa hiyo hakuwa na pa kujificha. Alisimama mbele ya watoto, kofia mkononi, akaizungusha na kuizungusha mpaka mwalimu akaanza kumhurumia. Mwisho akasema yeye hadithi hana, anajua tu wimbo tunaoimba tukilima. Akauimba. Ana sauti nzito, nzuri, ambayo mimi jirani yake wa miaka yote hii sikuijua.

Watoto wakauandika ubaoni. Walipofika ubeti wa tatu, Sentaniz akasimama nyuma akasema mumewe amekosea, maneno siyo hayo. Merisma akasema ndiyo hayo, aliyapata kwa babu yake. Wakabishana pale mbele ya darasa, na watoto, chaki mkononi, wakawa wanasubiri waambiwe waandike yapi.