Tiramisu ya Hajati Hasifa

Habibah, jirani yangu wa Mafubira, hupika tiramisu katika hoteli ndogo ya watalii mjini Jinja, na alikuwa hajawahi kuionja. Ni biskuti ndefu zilizochovywa kwenye kahawa, zikapangwa tabaka kwa tabaka na malai na mayai yaliyopigwa, juu ikanyunyizwa kakao. Tatizo ni mvinyo unaotiwa kwenye ile kahawa. Habibah ni Mnubi, Mwislamu wa swala tano, kwa hiyo aliwaachia wengine kuonja.

Mama yake, Hajati Hasifa wa Mbale, aliposikia habari ya mvinyo alisusa. Tangu hapo hakutia mdomoni chochote kilichopikwa na bintiye, hata chai. "Mkono yako inashika pombe," alisema. Habibah alilia, mimi nikakasirika kwa niaba yake. Mama yule ana kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia.

Basi Habibah akaanza kuwadadisi wageni Waitalia, nami jioni namvizia mlangoni nisikie majibu. Mmoja wa mji wa Treviso aliapa kwamba tiramisu ilizaliwa kwao, na kwao haitiwi mvinyo hata tone. Wa Friuli, mkoa wa jirani, akacheka: ilizaliwa kwetu, hao wametuibia! Wa tatu akasema kwao hutia mvinyo wa Sisilia, na bila huo ni uji wa mtoto. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Habibah alishika neno moja tu, kwamba wapo wenyewe wasiotia.

Idd ilipofika tulikwenda Mbale na biskuti na malai ndani ya boksi la barafu. Kahawa angeichemshia kwa mama, maana kahawa ya Mlima Elgon haikosekani nyumba ile. Akachota unga mkebeni, akachemsha, akaacha ipoe, akachovya biskuti zote. Ndipo harufu ikampanda puani. Ilikuwa kahawa ya Kinubi, iliyotwangwa pamoja na tangawizi. Na yeye ni Mnubi! Hoteli ilikuwa imemsahaulisha mkebe wa mama yake.

"Imeharibika," akaninong'oneza. Nikamwambia maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Tukaipanga tiramisu, tukailaza kwenye barafu mpaka alasiri.

Hajati aliinusa sahani. "Ndani iko nini?"

"Kahawa yako, Mama. Pombe hapana."

Hajati akasema Bismillahi, akala kijiko kimoja, akaongeza, akaendelea mpaka sahani ikabaki nyeupe. Habibah hakuthubutu hata kukaa.

Akaingia Rehemah, jirani wa Hajati, kutoa mkono wa Idd. "Hajati, hii chakula ya wapi?"

"Ya hapa," alijibu bila kupepesa macho. "Ya Wanubi ya Mbale. Mtoto yangu napika."

Nikakumbuka wale Waitalia, nikaona ugomvi wao umepata mtu wa nne. Hajati akapakua tena, akamgeukia bintiye aliyekuwa akifuta machozi kwa mtandio.

"Wewe mpishi gani hapana onja? Fungua mdomo."

Akamlisha kwa kijiko chake mwenyewe.