Mama na Nguo za Malkia wa Korea

Sisi tuliokulia Troyeville, huku Afrika Kusini, wakati wa sidii za kuazimana, Jumamosi zetu zilinuka nta. Mama, mzaliwa wa Tanga, alikuwa fundi wa batiki. Aliyeyusha nta uani kwenye sufuria kuukuu, akachora kitambaa kwa brashi, kisha akakizamisha kwenye beseni la rangi. Mimi na dada yangu Mwanaidi tulianika, maji ya kijani yakituchuruzika hadi viwikoni.

Kazi ikiisha tulikula wali kwa maharage, tukaketi kutazama filamu za Kikorea za zama za wafalme, zile za mauaji ya kasri na mpelelezi mwenye kofia nyeusi. Sidii zilitoka Dar kwa basi, zimetafsiriwa Kiswahili na bwana mmoja mwenye kutia chumvi kuliko wenye filamu yao. Watoto wa leo, wanaoruka vipande kwa kidole kwenye simu, hawaujui utamu wa kubishana wiki nzima nani alitia sumu.

Mama hakuwa na haja na muuaji. Alitazama nguo. Alisimamisha filamu, akasogea hadi pua ikakaribia kioo, akatueleza vazi la malkia lilivyozamishwa na kuanikwa. Mwanaidi akinung'unika, Mama alimjibu, "Muuaji utamjua tu mwishoni. Rangi hii, mwanangu, hutaiona tena."

Tulidhani anasogea kwa mapenzi. Kumbe macho yalikuwa yanakwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa.

Aliendelea kutia rangi kwa mazoea ya mikono. Kisha Mama Furaha, Mkongo aliyeongoza kwaya katika kanisa moja la mjini, akaagiza vitambaa vya zambarau. Vikatoka rangi ya matope. Mama Furaha alivipokea, akashukuru sana, na kwaya ikaimba imevivaa Jumapili ile. Hakuagiza tena. Mama hakuuliza sababu. Aliyamwaga mabeseni yote mtaroni, akaingia ndani, akakaa.

Siku hizi filamu zimo kwenye simu ya binti yangu, Kikorea kitupu na maandishi ya Kiingereza. Yeye husoma, hunieleza kwa Kizulu, nami namfikishia Mama kwa Kiswahili. Habari inapofika kwake, muuaji ameshanyongwa. Binti hucheka, "Eish, Bibi." Mama hacheki.

Juzi aliniuliza malkia amevaa nini. Nikamwambia bluu.

"Bluu ipi?"

Nikaitazama ile nguo. Nikatafuta neno, sikulipata. Nikasema, bluu tu, Mama. Alingoja kidogo, kama mtu anayedhani mwenzake bado anafikiri, kisha akageukia ukutani. Binti akapeleka filamu mbele.

Zamani nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja aliyejua kutazama, nasi tukamwona anatuchelewesha. Leo tumebaki wenye macho mazima, na hakuna kati yetu awezaye kumwambia tunachokiona.