Yudith Mgonja Atafuta Kadi ya Waigizaji

Yudith Mgonja aliacha kazi ya ualimu Ijumaa, tarehe 29 Novemba 1957, siku shule ya wasichana alikokuwa akifundisha ilipofunga mwaka. Hakuwa amekosana na mtu. Aliacha kwa sababu Umoja wa Waigizaji wa Jimbo la Tanga haumpokei mtu mwenye mshahara wa kazi nyingine, naye alikuwa amechoka kukataliwa.

Mara ya kwanza alikataliwa akiwa bado mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Huko kila Jumamosi wanafunzi walicheza michezo ya kuigiza bwaloni, na mingi aliitunga yeye. Aliuandikia Umoja akiomba wanafunzi nao wakubaliwe, akajibiwa kwamba mwanafunzi si mfanyakazi, asubiri apate kazi. Akapata kazi. Akaandika tena, akajibiwa kwamba sasa ni mwalimu, na walimu wana chama chao. Barua hiyo aliisoma kwa sauti nyumbani kwake Same, mbele ya mumewe Eliamini, karani wa stesheni. Eliamini aliuliza kama huo Umoja una mwanachama hata mmoja.

Unao, na hilo ndilo lililomkera Yudith. Wenye mashamba kadhaa ya mkonge kando ya reli walikuwa wamepatana na Umoja kwamba siku ya mshahara wafanyakazi wao wataburudishwa na wenye kadi tu. Huko ndiko kikundi cha Yudith kilikokuwa kikipata riziki. Sasa bila kadi hakuna mashamba, na bila mashamba yeye ni mwalimu asiye na shule, mwenye ngoma mbili na sanduku la nguo za kuigizia chini ya kitanda.

Kikundi kina watu wanne. Yudith hutunga na kuongoza, na mara chache hucheza. Salimu, fundi baiskeli wa Same mjini, hupiga ngoma. Manase na dada yake Priska ni wakulima wa Mhezi, juu milimani, na ndio wanaochekesha. Mchezo wanaoombwa zaidi ni wa karani wa kodi anayepita shambani akihesabu migomba, kuku na hata vivuli vya miti, ilimradi apate cha kutoza. Wazee wanaokumbuka fujo za kodi ya mbiru hucheka mpaka wakashika mbavu, halafu hutazama nyuma kuona nani amewaona.

Baada ya Yudith kuacha shule, Umoja ulikubali hatimaye kumtuma mtu akione kikundi. Aliyetumwa ni Swalehe, mwigizaji wa siku nyingi wa Tanga mjini. Katika kila barua alirudia sharti moja: mwanachama hachezi bure, popote, kwa yeyote, kwa kuwa anayecheza bure anawaharibia wenzake soko. Yudith alijibu kila mara kwamba sharti limeeleweka. Wakapatana Jumamosi moja ya Februari, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa maendeleo hapo Same. Yudith akaazima mabenchi kanisani.

Ijumaa mchana dereva wa lori la mboga alimletea ujumbe kutoka Mhezi. Ukuta wa ndiva, bwawa ambamo kijiji hukusanya maji ya mfereji usiku ili kuyagawa asubuhi, ulikuwa umepasuka. Maharage yanaungua mashambani, na pembe ya msaragambo imelia. Kesho kila nyumba itatoa watu wa kuziba. Manase na Priska hawataweza kushuka. Manase alikuwa ameongeza kwamba Mwalimu amlete tu huyo bwana huku juu, kuna hewa nzuri.

Yudith alimwuliza dereva kama Manase alikuwa anacheka aliposema hivyo. Dereva alisema hapana, alikuwa amebeba jembe.

Hakukuwa na wa kumbembeleza. Yudith mwenyewe ni mzaliwa wa Usangi, na huko nako pembe ikilia hakuna anayesema ana miadi mjini. Akayarudisha mabenchi.

Swalehe alishuka kwenye treni Jumamosi asubuhi amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, na habari kwamba wanapanda Mhezi aliipokea kwa upole mpaka lori lilipowashusha chini ya mlima. Kutoka hapo ilikuwa ni kwa miguu. Salimu, aliyebeba ngoma mgongoni, alimwuliza kama Tanga kuna milima. Swalehe alisema kuna ngazi. Yudith, aliyekuwa mbele, alijikuta akiomba radhi kwa kila jiwe kana kwamba amelipanga yeye.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angemwomba Mzee Aminiel, msimamizi wa maji wa Mhezi, amwazime Manase na Priska kwa saa moja. Wangekwenda pembeni, wakamchezea Swalehe peke yake, kisha wakarudi kwenye tope lao. Mchezo wa kujaribiwa si mchezo wa bure. Hilo lilikuwa kwenye kanuni za Umoja zenyewe.

Walipofika kwenye ndiva, Manase alikuwa ameshaanza.

Alisimama juu ya ukuta na jani la mgomba lililokunjwa kama daftari la kodi kwapani. Chini yake watu walikuwa wakikanyaga udongo kwa kuimba, na wanawake wakipita na vikapu vya tope kichwani. Manase aliwasimamisha mmoja mmoja.

"Wewe mama, hilo tope ni kavu au bichi?"

"Bichi."

"Basi ni mali mbili. Udongo kivyake, maji kivyake. Na huyo chura aliyemo ndani, ana mke?"

Priska, aliyekuwa akicheza kama mke wa mwenye shamba, alimjibu kwamba chura yule ni mgeni kutoka Makanya, atozwe kwao. Wakanyaga tope wakapoteza wimbo kwa kicheko. Salimu, bila kuombwa na mtu, alikwisha kuketi akipiga ngoma.

Yudith alimgeukia Swalehe akitazamia kuona uso uliokunjwa. Swalehe alikuwa ameketi kwenye nyasi, viatu kando, machozi yakimtoka. Alicheka kama wachekavyo watu wa kazi hiyo, akinyamaza kila Manase aliponyamaza ili aone atakaa kimya kwa muda gani. Kwa muda mfupi Yudith aliamini kwamba kadi imepatikana.

Kisha Swalehe alijifuta uso akauliza, "Nani amewakodi?"

Mzee Aminiel alikuwa karibu. Yudith alimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba na kueleza bila kuona ajabu yoyote. Siku ya msaragambo wenye kuimbisha na kuchekesha hawabebi tope. Ilikuwa hivyo tangu enzi ya baba yake. Nyumba zao zinahesabiwa kuwa zimefanya kazi, na zamu yao ya maji haiguswi.

Yudith alilidaka neno hilo kwa mikono miwili. "Umesikia, Bwana Swalehe. Wamelipwa. Wamelipwa maji."

Swalehe alifikiri. Sharti linasema malipo, alikiri, halisemi shilingi. Kama mchezaji mwenyewe atakubali mbele yake kwamba anacheza kwa malipo ya maji, ataliandika hivyo, na wakubwa wa Tanga watajua la kufanya. Akaomba Manase aitwe.

Manase alishuka ukutani akisikiliza, jani likiwa bado kwapani.

"Nilipwe maji? Na nani?"

"Na kijiji," Yudith alisema.

"Kijiji ndiyo mimi, Mwalimu."

"Manase, sema ndiyo tu. Ni neno moja."

"Nikisema ndiyo, hawa wote wamesikia. Kesho watasema Manase aliwauzia ndugu zake mchezo, tena siku maharage yanaungua."

Akalitupa jani. Akachukua kikapu, akakijaza tope, akakipandisha kichwani na kushika njia ya ukutani, ili asiwepo mtu wa kusema kwamba alikwepa kazi kwa kulipwa. Priska alimfuata na kikapu chake. Yudith aliwafuata wote wawili akimsihi Manase akiweke chini, japo kwa dakika moja. Manase alimwambia ukuta haungoji. Mzee Aminiel, aliyefurahi kupata wabebaji wawili zaidi, alimwambia Yudith kwamba na yeye akitaka, vikapu vipo.

Swalehe alikuwa akivaa viatu. Alisema hajaona karani wa kodi kama yule katika jimbo zima, na kwamba ndiyo sababu hawezi kumpa kadi, yeye wala dada yake. Mwenye shamba la mkonge akisikia kwamba mtu kama huyo hucheza kwao bure, atauliza kwa nini yeye alipe. Na pembe ikilia siku ya mshahara?

"Hata wewe ungecheza kwenu, Bwana Swalehe," Yudith alisema.

"Kwetu hakuna wa kunipigia pembe," alisema.

Halafu akaongeza, akifunga kamba za viatu, kwamba Yudith ni jambo lingine. Hana mshahara, leo hakucheza, hana shamba Mhezi, na michezo yake, aliyoituma pamoja na barua, Swalehe ameisoma. Kadi yake anaweza kuisaini sasa hivi. Ya Salimu pia. Ngoma ya leo atajifanya hakuisikia.

Kitu alichokiomba tangu chuoni kilikuwa kinatolewa juu ya goti la mtu, kandokando ya tope, na Yudith alikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kusema ahsante. Alimwendea Manase akitarajia kwamba angalau yeye naye atakasirika. Manase hakukasirika.

"Chukua, Mwalimu. Mimi sikuiomba."

Ilikuwa kweli. Katika barua zote zile Yudith alikuwa ameandika jina la Manase bila kumwuliza. Aliuliza karani wa kodi sasa atachezwa na nani.

"Na wewe. Maneno yote ni yako. Ila unawahi. Ukishamuuliza mtu ana kuku wangapi, nyamaza, mwache awahesabu kichwani. Hapo ndipo wanapocheka."

Yudith alimjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha hilo, miaka miwili iliyopita. Manase alisema ndiyo maana analijua, akaendelea na kikapu chake, tope likimchuruzika sikioni.

Swalehe alisaini kadi mbili. Jumatatu Yudith anakwenda Tanga kwa treni kuandikishwa. Siku ya mshahara ya mwezi huu yeye na Salimu watacheza kwenye shamba la mkonge karibu na Makanya, wawili tu, na karani wa kodi atakuwa yeye.