Nywele za Baba Mdogo Projestus

Nilipokuwa mtoto kule Kanazi, msiba haukuhesabiwa kuwa umekwisha mpaka wafiwa wanyolewe. Waliketi uani kwa zamu, na wembe mmoja ukapita vichwa vyote, vya wazee na vya watoto wachanga. Leo nikiukumbuka wembe ule mwili hunisisimka, maana ilikuwa ndiyo ile miaka ya ukimwi. Lakini wakati huo hatukuuogopa wembe, tulimwogopa aliyeukataa. Bibi alisema asiyenyolewa hubaki na kifo kichwani, na kifo hicho kikichoka kukaa huko humshukia mtoto mdogo kuliko wote katika nyumba.

Babu alipofariki, watoto wake wote walinyolewa isipokuwa mmoja, baba mdogo Projestus.

Baba mdogo alikuwa amevuka mpaka na jeshi wakati wa vita, kisha akabaki Uganda miaka kadhaa akifanya kazi kwenye malori. Alirudi na nywele za rasta zilizofika mabegani. Hakula nyama, hakunywa pombe yetu ya rubisi, na alikuwa amekonda. Alituambia sisi watoto kwamba Masiha ameshakuja mara ya pili, kwamba ni mweusi kama sisi, na kwamba aliketi kwenye kiti cha enzi kule Ethiopia. Bibi, ambaye hakukosa misa hata mvua ikinyesha, alifanya ishara ya msalaba kila aliposikia maneno hayo.

Mwalimu Novati, katekista wetu, ndiye aliyejitwika kazi ya kumrudisha kundini. Alikuja Jumapili moja baada ya misa, akapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote, wakaanza.

"Projestus, Bwana atakuja juu ya mawingu na kila jicho litamwona. Huyo wako nani amemwona?"

"Wengi, mwalimu. Hata picha zake zipo."

"Na ameshakufa! Redio ilitangaza."

"Kwani wenu hakufa?"

"Wetu alifufuka siku ya tatu."

"Redio ilitangaza?"

Nilicheka, Bibi akanifinya. Mwalimu Novati naye alibanwa na kicheko, nilimwona, ila akakimeza pamoja na kahawa yake. Wote wawili walikuwa wakisoma kitabu kimoja. Baba mdogo alimwona humo Simba wa Yuda, mfalme mwenye taji la kuonekana kwa macho, aliyekuja kuwainua Waafrika hapahapa duniani, kwa sababu mtu anayeonewa hawezi kuambiwa angoje mbinguni. Mwalimu Novati alimwona Mwanakondoo aliyekufa kwa dhambi za watu, ambaye ufalme wake si wa dunia hii.

"Mfalme wako hakuweza kujitoa kaburini," alisema. "Atakutoaje wewe? Na kwetu sisi, baba, kifo ndicho kinachotumaliza."

Wiki ile kijiji kilikuwa kimezika mara mbili, vijana watupu, wa ule ugonjwa tuliouita Juliana.

Akiwa anaondoka, Mwalimu Novati alimshika mkono akimsihi. "Basi zinyoe hizo nywele, waitu. Mama yako anaogopa."

"Ni nadhiri, mwalimu. Kama ya Samsoni. Nimeharibu mengi katika maisha yangu. Siku nikiitwa, nataka niwe na ahadi moja tu niliyoitimiza."

Nilikuwa pale mlangoni, nikasikia kila neno. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Kama miezi miwili baadaye mdogo wangu Evodi, mwenye miaka mitatu, alishikwa na homa. Alitetemeka siku mbili, kisha akaacha hata kulia. Mama alimpeleka zahanati, akachomwa sindano, akarudishwa nyumbani. Bibi aliketi karibu yake na rozari, akasema bila kumtazama mtu, "Kimeshuka. Nilisema kitashuka."

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Evodi nilimbeba mgongoni tangu alipoweza kushika shingo. Mchana ule Mama alilala kando yake kwa uchovu, na wengine walikwenda mazishini kwa jirani. Baba mdogo, ambaye siku hizo alikuwa mgonjwa kweli, alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Nilichukua mkasi wa Mama wa kushonea. Hadithi ya Samsoni niliijua yote. Nilikuwa nimeisimulia kwenye mafundisho ya komunyo na kupigiwa makofi. Nilijua Delila ni nani. Nilikata msokoto wa kwanza, hakuamka, nikakata mwingine. Zilikuwa ngumu kama kamba na zilinuka moshi. Alipofumbua macho nilikuwa nimekata nusu. Nikakimbia nazo jikoni, nikazitia motoni.

Alinifuata taratibu, akijishika ukutani. Aliutazama moto, akapapasa kichwa chake.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu. Evodi anakufa, baba mdogo. Bibi amesema ni nywele."

Aliketi kwenye kigoda. Nilingoja anipige, na ningefurahi kama angenipiga.

"Ungeniomba," akasema. "Kwa ajili ya mtoto ningezitoa mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono nimpe mkasi. Akakata zilizobaki, msokoto mmoja mmoja, akazitia motoni akilia.

Evodi akapona. Sasa najua ilikuwa malaria na ile sindano, lakini Bibi alitangaza kila mahali kwamba mjukuu wake ameokoa nyumba. Wanawake walinisifu, nikatengewa kipande kikubwa cha nyama. Nilikila chote, baba mdogo akinitazama, na kilikuwa kitamu.

Alifariki kabla ya mavuno ya kahawa. Walimshikisha rozari mkononi. Bibi alimpapasa kichwa akasema, "Angalau anakwenda akifanana na watu."

Juma lile nilikwenda kuungama. Nilimweleza padre yote, hata ile nyama. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Hiyo si dhambi, mwanangu. Taja dhambi zako." Nikataja sukari niliyoiba, nikapewa Salamu Maria tatu. Nimeungama kwa mapadre wengi tangu hapo, na wote wananisamehe mambo mengine.

Mimi bado ni Mkatoliki, na ninamngoja Bwana juu ya mawingu kama Mwalimu Novati alivyonifundisha. Baba mdogo alikosea kuhusu mfalme wake, hivyo ndivyo ninavyoamini. Lakini katika maisha yangu nimemwona mtu mmoja tu akitoa kitu cha mwisho alichokuwa nacho kwa ajili ya mtoto wa mwenzake, na nusu ya sadaka ile mimi nilikuwa nimeshamwibia.