Seva ya Lidwina

Lidwina Komba alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja mjini Songea hadi wafanyakazi walipopunguzwa. Baadaye akapata kazi ya kutunza kumbukumbu kwenye mradi wa kuhudumia wagonjwa majumbani. Mwaka 2003, mradi ulipoletewa seva kutoka Dar es Salaam, alikuwa katika mwezi wa kumi wa ujane.

Seva ilikuwa na diski nne kubwa, za kuhifadhi rejista za vijiji vyote hadi Nalasi. Fundi Muhsini, kijana wa Tunduru, alimpa shikamoo, akaunga nyaya, kisha akasita.

"Mama Dorine, hapa lazima tuchague mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Iko miwili. Huu wa zamani ni mwepesi, kila fundi anaujua. Huu mpya una daftari lake la pembeni. Kabla ya kuandika kitu, mfumo unaweka kwanza alama humo. Umeme ukikatika na kurudi, mfumo unasoma daftari na kujinyoosha. Ila ni mzito kidogo, na ukisumbua, wa kuutengeneza hapa Songea simwoni."

"Mkuu wetu, Daktari Athanasi, anasemaje?"

"Anasema uchague wewe, ndiye unayeshinda nayo."

Miezi minane nyuma umeme ulikatika kompyuta ya zamani ikiwa kazini, rejista ya miezi miwili ikapotea. Lidwina aliirudia yote kutoka kwenye karatasi. Siku ya nne alimfikia mumewe, ambaye alikwishamwandika mara moja: Amedeus Komba, miaka 41, Mfaranyaki, amefariki. Akamwandika tena, akageuza karatasi, akaendelea na aliyefuata. Wenzake walingoja alie. Hakulia. Ndani yake mlikuwa kimya tu, kama mguu uliokufa ganzi.

"Weka wenye daftari," alisema.

"Mwendo utapungua, mama."

"Upungue tu. Sitaki kuandika watu mara ya pili."

Muhsini akaanza kuuweka. Mchana, mfumo ulipokuwa tayari, Lidwina alianza kuingiza majina. Katikati ya jina moja akainama, akachomoa waya wa umeme ukutani.

"Subhanallah, mama!" Muhsini alishika kichwa.

Walipoiwasha, seva ilisita, ikasoma daftari lake, ikafunguka. Lilikosekana lile jina moja tu. Muhsini akacheka kwa furaha. Lidwina aliona ingefaa acheke naye, lakini uso haukumkubalia. Akaliandika lile jina, akafunga ofisi.

Seva ile ilifanya kazi miaka sita, mpaka mradi ulipoisha. Umeme ulikatika mara zisizo na idadi, na hakurudia rejista tena. Daktari Athanasi alimwandikia barua ya pongezi. Akaisoma, akaitia kwenye bahasha ya vyeti.

Siku ile ya kwanza alipitia sokoni, akanunua dagaa. Nyumbani, binti yake Dorine akamuuliza hiyo mashine mpya ikoje.

"Kubwa," alisema, akivua viatu. "Inavuma kama friji."